Mtoto Anayenukia Nazi

Tangu mafuta ya nazi yafanywe ya injini tu, kujipaka ni wizi, na watoto wa mtaa wetu wamepauka kama makopa ya muhogo. Mimi nasafisha mabomba yanayoyatia mafuta umeme na kuyapuliza ndani ya injini kama ukungu. Ukungu ule, kwa umeme wake, hung'ang'ania kila kitu, hata kanga yangu. Jioni namkanda kwa kanga hiyo mjukuu wangu, Mwanamize, kama nilivyokandwa mimi. Tukienda kliniki nampaka majivu, apauke kama wenzake.

Leo nesi kamshika shavu, kisha akanusa vidole vyake.

"Bibi, mtoto huyu ananukia nazi."

"Nisitiri, mwanangu."

Nesi akavipitisha vile vidole, taratibu, kwenye midomo yake iliyopasuka. Halafu akamwita askari.