Mzaha wa Jumamosi

Kila Jumamosi dereva mstaafu alisafisha bunduki kuukuu aliyorithi kwa baba yake, ile inayojipakia risasi yenyewe, na kila Jumamosi alimaliza kwa mzaha uleule. Alivuta chuma cha ubavuni, akakiachia, kisha akamlenga mkewe aliyekuwa akishona vifungo ng'ambo ya meza.

"Haya, niue basi, nipumzike na soksi zako," mkewe alisema kila mara, macho kayafumba. Bunduki tupu ikalia tak! Wakacheka. Miaka tisa.

Leo kulikuwa na jipya moja tu: mafuta. Fundi bunduki alimpa kichupa, akamwambia asisahau kuyadondosha kwenye bomba la kuwekea risasi chini ya mtutu, maana springi yake ya kuzisukuma ilikuwa imeshikwa na kutu tangu enzi za marehemu. Naye akayadondosha.

Alivuta chuma, akakiachia. Kilirudi kwa mlio mzito, kama kimemeza kitu.

"Haya, niue basi, nipumzike na soksi zako."

Kidole kilikuwa kimeshagusa kifyatuzi. Kikaganda hapohapo.

Aligeuzia mtutu ukutani, akavuta chuma tena. Risasi ikachupa nje, ikabingirika mezani hadi kwenye kopo la vifungo. Nyekundu, nene kama kidole gumba, shaba ya kitako chake imeota ukijani. Risasi ya baba, iliyokwama bombani miaka yote hiyo.



Mkewe alikuwa bado amefumba macho, anatabasamu.

"Vipi, mume wangu? Leo huniui?"