Babu Yangu Mdomoni mwa Mgeni

Tangu nitoke Tashkenti kuja Ansan, Korea Kusini, sikuacha kuusikia uvumi huu: wakala wetu wa viza anauza babu za watu. Nikaupuuza. Nikampa cheti halisi cha kuzaliwa cha babu, kilichoandikwa kuwa yeye ni Mkorea, ili binti yangu aruhusiwe kuishi hapa, maana wenye asili ya Kikorea hupewa viza.

Leo nilikwenda kukidai. Mlangoni nikamsikia mwanamke akikariri kama mtoto wa chekechea: "Babu yangu ni Pyagai Man-syu, mzaliwa wa Posyet."

Huyo ni babu yangu mimi!

Nikaingia. Wakala alikuwa anakula kachumbari ya karoti, vidole vinang'aa mafuta, cheti kiko chini ya bakuli.

"Mama, tulia. Babu mmoja anawatosha wajukuu wengi."

"Huna haya wewe! Lete!"

"Marehemu naye unamfanyia uchoyo?"

Nikashika ncha moja ya cheti. Yule mwanamke akadaka nyingine.

Akina mama wenzangu, msimwachie wakala cheti halisi. Msimsimulie habari za ukoo. Msipuuze maneno ya sokoni. Na msikivute kwa hasira, karatasi ya zamani hupasuka.