Sukari ya Baba

Fimbo ya kuchungia ng'ombe ilimpata mama yake Rhobi juu ya jicho. Damu ikadondokea keki, pale palipoandikwa "Rhobi, miaka mitano".

"Siku hizi mnakunywaga chai kabla yangu?" baba alifoka. "Uani kwangu?"

Watoto waliokuja kwenye sherehe walitimka kuelekea barabara ya Bweri, wengine bado wameshika vikombe, ndala wameziacha.

Rhobi hakukimbia. Alipiga magoti mbele ya baba yake kama alivyofundishwa, akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili.

"Baba, karibu chai."

Baba aliketi, fimbo mapajani. Akaonja, akamtemea mama miguuni.

"Chai gani hii haina sukari?"

Mama alikuwa kando ya jiko la mkaa. Sufuria kubwa ya chai ya maziwa ilikuwa bado inatokota. Alikunja kanga mara mbili, akaishika sufuria huku na huku, akainyanyua.

"Rhobi, mwanangu," alisema kwa upole, "nenda ndani ukamletee baba sukari. Halafu ufunge mlango."

Kopo la sukari lilikuwa pale pale uani, mezani kando ya keki, limejaa.