Kuku wa Kavira

Jogoo alilazwa juu ya meza ya mwenyekiti wa soko, miguu imefungwa kamba, na watu wote waliokuwapo walimwita jogoo isipokuwa Kavira.

“Ile iko kuku yangu mwanamuke,” alisema. “Ilikuwa inatagaka mayai. Halafu ikaanza kuwika.”

Watu walicheka. Abdunoor, mwenye malori, hakucheka. Jogoo wake alikuwa amepotea, kisha akamkuta kwenye banda la Kavira.

“Basi hata mimi kesho nitaanza kutaga,” alisema.

Mwenyekiti Zedekiah alikuwa ameshatamka kwamba mwizi hawezi kuwa na kibanda katika soko la Bwera. Kavira, aliyetoka Kongo, aliuza vitenge pale na hakuwa na kazi nyingine. Kabla ya kumfukuza, mwenyekiti alimwita Nasifah, daktari wa mifugo kutoka Kasese, aliyekuwa karibu na hapo akichanja kuku.

Nasifah hakupenda vicheko mahali panapohitaji maelezo.

“Ni nadra, lakini inawezekana,” alisema. “Kifaranga jike, akiwa bado ndani ya yai, ana tezi mbili za uzazi. Ya kushoto inakuwa ovari. Homoni yake inaizuia ya kulia, nayo inadumaa. Kuku akikua na ovari ikaugua, homoni inapungua, na ile ya kulia inaweza kuamka ikawa korodani. Moja tu, ya kulia.”

“Si apasuliwe tuone?” mtu aliuliza.

“Hakuna atakayempasua jogoo wangu,” alisema Abdunoor.

Nasifah akamgeukia Kavira. “Aliacha kutaga kwanza?”

“Njo vile, dokta,” Kavira alikubali.

“Kisha kishungi kikakua?”

“Njo vile.”

“Kuwika kukaja mwisho.”

“Mwisho kabisa.”

Mpangilio ulikuwa sahihi, hatua kwa hatua. Mwanamke asiyewahi kufungua kitabu cha baiolojia, Nasifah aliwaza, hangeweza kuubuni. Akawaambia hivyo wote, na mwenyekiti, ambaye hakutaka kuonekana mjinga mbele ya daktari, akamrudishia Kavira kuku wake na kibanda chake.

Kavira alimfuata Abdunoor nje.

“Papa Abdunoor, tusibakie na kisirani. Kuku mwanamuke ya kuwika inaleta mukosi, leo naipika. Mapaja iko yako. Na dokta iko Muislamu kama weye, hawezi kukula yenye nimechinja miye. Chinja wewe mwenyewe.”

Watu walikuwa wakitazama. Abdunoor hakutaka kuitwa mtu wa kinyongo. Alitoa kisu, akamlaza ndege upande wa kibla, akasoma bismillahi.

Jioni, Nasifah alipokuwa akipakia vifaa vyake kurudi Kasese, aliletewa sahani iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Kavira alikuwa amemchagulia mgongo mzima. Nasifah alinawa, akavuta kiti, akaugeuza mgongo upande wa ndani ili aanzie pale penye nyama laini.

Chini ya uti wa mgongo, nyeupe na nono kama punje za maharage, korodani zilikuwa bado zimeshikamana na mfupa: moja kulia, moja kushoto.