Madume wa Bwawani

“Umenihasia samaki, wewe! Wote!”

“Nimewahasi kwa kisu gani, jirani?” mtia rangi alijibu kutoka upande wake wa ukuta, mikono ya buluu hadi viwikoni. “Mimi natia rangi vitambaa. Samaki wako kama hawatakiani, watafutie mshenga.”

Wapita njia waliangua kicheko. Mama Bwawa hakucheka. Bwawa lile dogo nyuma ya nyumba ndilo lililomlisha tangu afiwe na mume, ndilo lililomsomeshea mwanawe. Sasa msimu mzima halijatoa kifaranga hata kimoja. Perege wananenepa tu, wanapishana kama wapangaji wasiosalimiana. Na mfereji unaolijaza hupita kwanza kwenye mapipa ya mtia rangi. Nani mwingine, basi?

Ndani ya nyumba nako mambo ni yale yale. Mwanawe, dereva wa malori ya masafa marefu, ameoa, na mkewe hajashika mimba. Mama Bwawa hakumficha mkwe wake: mume akirudi safari hii na hakuna habari, afungashe virago arudi kwao. Isitoshe, alimwona mvivu. Siku hizi kitunguu kikikaangwa tu, mkwe mbio uani. Kama si uvivu huo ni nini?

Mume lakini alimjali. Kila asubuhi alipiga simu kutoka barabarani: “Mama, hakikisha amekunywa kidonge chake cha kuongeza damu.” Basi Mama Bwawa alikitoa mwenyewe kwenye kichupa alichoachiwa na mwanawe, akamtia mkwe kiganjani, ndipo mkwe akatoka na ndoo kwenda kulisha samaki.

Leo mpimaji wa samaki aliyeitwa na Mama Bwawa alikuwa amerudi na majibu. Alikuwa amechukua damu ya madume wa bwawani, na ya madume wa mferejini, pale maji yanapotoka kwenye mapipa.

“Sema kwa sauti,” Mama Bwawa alimwambia, “huyu asikie anavyofungiwa biashara.”

“Mama, wa mferejini ni wazima. Wa kwako ndio wana shida. Damu yao imejaa protini ya kiini cha yai.”

“Yai? Madume?”

“Ndiyo ajabu yenyewe. Ile hutengenezwa na jike anayejiandaa kutaga. Ukiikuta kwa dume, ujue maji yana homoni za kike. Hii si kazi ya rangi. Ni vidonge vya kupanga uzazi, na kwa bwawa dogo hivi, vichache tu vinatosha. Tena haviji na mfereji. Vinaingilia hapa hapa.”

Mtia rangi alipanda juu ya ndoo asikose neno. “Hebu rudia, mwanangu, hapo kwenye hapa hapa.”

“Vidonge vya nani?” Mama Bwawa alifoka. “Mimi mjane, mambo hayo nilishayasahau. Na huyu anakunywa vya damu tu. Mkwe! Kalete kile kichupa chumbani kwangu!”

Mkwe alikileta bila haraka. Mpimaji alimimina kidonge kimoja, akakigeuza, akakisoma herufi zake. Kisha akamtazama mkwe.

“Hivi si vya damu, mama.”

“Kumbe!” Mama Bwawa alishika kiuno. “Mimi nakesha nikiomba mjukuu, kumbe wewe unajifunga kizazi! Umevibadilisha lini? Usingoje hata mume arudi. Kafungashe!”

“Kichupa kinalala chini ya mto wako kitandani, mama. Ningevibadilisha vipi?” Sauti ya mkwe ilikuwa ya chini. “Nilivitambua siku ya kwanza tu, dada yangu anavitumia. Lakini ningekwambia mwanao hataki mtoto, ungemwamini nani?”

Mama Bwawa alikichukua kichupa kwa mpimaji, akakigeuza.

“Sijameza hata kimoja,” mkwe akasema. “Kila nikifika bwawani nilivitupa majini. Sikujua kama vitawadhuru samaki.”

Kutoka jikoni kwa mtia rangi ilivuma harufu ya kitunguu kinachoanza kuwa chekundu. Mkwe alijiziba mdomo kwa kiganja, akaegemea ukuta.

Mama Bwawa alimtazama. Akamtazama tena, kuanzia usoni, akishuka taratibu hadi tumboni.

“Jirani,” alisema bila kugeuka, “nakuomba, kafunike sufuria yako.”

Kisha akamshika mkwe wake mkono.

“Toka juani, mwanangu. Ingia ndani, sema unatamani nini, nikupikie ule. Wewe na huyo mwenzio.”