Chombo Alichokichagua Bi Mashavu

Siku aliyotoka eda, Bi Mashavu alikwenda kwenye ghala zinakohifadhiwa kumbukumbu za marehemu wote. Sheria humpa mjane chombo kimoja cha kuzisomea, na hakibadilishwi.

Karani alimwekea viwili mezani.

"Hiki kinaelewana na ghala letu, ila sauti yake kama bati. Hiki kina sauti ya marehemu mwenyewe, lakini hakiunganishi majedwali. Majina kinayasoma, sura kinazisoma, ila hakijui jina lipi ni la sura ipi."

Bi Mashavu hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amesikia salamu ya Kombo wake ikitoka kwenye kile cha pili, akakikumbatia huku analia.

Nyumbani alikiweka kando ya kikombe cha mumewe.

"Kombo, unamkumbuka Mashavu?"

"Nitamsahauje mke wangu?"

"Basi ndiye mimi, baba Rukia."

Chombo kiliusoma uso wake.

"Karibu, mama. Sura yako naijua, ila jina silipati. Mashavu katoka?"

Huu ni mwaka wa tatu, na kila asubuhi chombo humwuliza hivyo hivyo.

"Bado hajarudi," Bi Mashavu humjibu. "Akija nitamwambia unamngoja."