Kila Saa Ikilia

Siku hiyo Sesilia aliinua macho kabla ya saa kulia.

Macho hayana pazia, ila ya Sesilia kazini yaliwekewa. Katika maabara ile ya London alifundishwa hivi: kila dakika saa ya mezani ikilia, atazame kizimba, aandike kwenye fomu kile tu alichokiona wakati ule ule. Wiki nzima, tangu Namba Saba, tumbili jike, achomwe dawa mpya, alikuwa ameandika neno moja: amesimama.

Kumbe Saba alikuwa amelala kifudifudi, mate yanamtoka.

Saa ilipokaribia kulia, dume aliyefungiwa pamoja naye alimpitishia mikono kwapani, akamwinua, akamwegemeza kwenye wavu. Vidole vyake vyeusi vilitetemeka kwa uzito. Saa ikalia. Kisha akamlaza tena, taratibu.

Sesilia akakumbuka. Tumbili watatu wa kizimba hicho aliwahi kuwaandika "amelala" kutwa nzima. Kesho yake walitolewa, na hakuna aliyerudi.

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wake, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, akachungulia.

"Dada Sesilia, vipi Saba? Bado anasimama?"

"Kwa nini, bosi?"

"Akiwa amelala, tunamtoa leo tukampasue. Akiwa anasimama, dawa haijamdhuru. Tunamwongezea dozi mara mbili."

Saa ikalia.

Sesilia akageuka. Dume alikuwa ameshamwinua mwenzake, na macho yake yote yako kwenye kalamu ya Sesilia.